Shajara ya mradi: kuifungulia seva ya nyumbani njia ya intaneti, ikiwa nyuma ya CGNAT (wateja wengi wa mtoa huduma kugawana anwani moja ya umma)

Lengo na vifaa

Seva iko Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye fiba ya Mbps 30 kushuka na 10 kupanda. Watumiaji ni sita: wanne nyumbani, mmoja Mwanza, mmoja Muscat. Tunataka picha za simu zipande zenyewe, nyaraka za familia zifunguke popote mtu alipo, na mgeni aweze kutumiwa kiungo cha faili moja bila kufungua akaunti. Hatutaki ukurasa wa kuingilia uonekane na dunia nzima.

Vifaa: Raspberry Pi 4 ya GB 4, diski ya inchi 3.5 yenye TB 4 ndani ya kasha la USB 3 linalotumia chaja yake ya volti 12, waya wa mtandao kutoka kwenye ruta (Wi-Fi haifai kwa seva), na betri ya akiba inayolisha ruta, Pi na diski kwa pamoja. Programu: Raspberry Pi OS ya biti 64, Nextcloud (hifadhi ya mafaili na picha) kwenye Docker (inayoendesha programu ndani ya kontena), Caddy (seva ya wavuti) mbele yake. Nje ya nyumba tumekodi seva ndogo yenye Debian 12, RAM ya GB 1 na anwani yake ya IPv4. Hapa chini tunaiita VPS.

Diski ya inchi 2.5 isiyo na chaja yake ingepunguza waya mmoja, lakini matundu yote manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2. Diski ikianza kuzunguka huku kuna kifaa kingine cha USB, volti inashuka na faili linaharibika katikati ya kuandikwa. Kipimo ni `vcgencmd get_throttled`. Jibu `0x0` maana yake umeme uko sawa. `0x50000` maana yake tangu Pi iwashwe umeme umewahi kupungua na kasi ikapunguzwa, hata kama muda huu mambo yanaonekana shwari.

Ingizo la 1: kuichunguza laini kabla ya kugusa ruta

Maelekezo mengi huanza kwa kusema fungua poti kwenye ruta. Kwa laini nyingi za huku kazi hiyo ni bure, kwa sababu ruta yenyewe haina anwani ya umma. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya upande wa WAN (upande wa intaneti), kisha kwenye kompyuta ya nyumbani andika:

`curl -4 ifconfig.me`

Namba mbili zikilingana, una anwani ya umma na njia ni fupi. Zikitofautiana, uko nyuma ya NAT (ugawanaji wa anwani) ya mtoa huduma. WAN ikianza na 100.64 hadi 100.127, hiyo ni CGNAT yenyewe: kundi la 100.64.0.0/10 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Baadhi ya watoa huduma hutumia 10.x.x.x, na matokeo ni yaleyale. Wateja wengi wanagawana anwani moja, na pakiti inayotoka nje bila kuitwa haina wa kuipokea. DDNS (huduma ya kutangaza anwani ya nyumba kwa jina) haisaidii hapa, kwani itatangaza anwani isiyo yako.

Laini hii: WAN inaanza na 100.7x. IPv6 haipo. Mtoa huduma anauza anwani ya kudumu kwa wateja wa biashara tu.

Uamuzi: seva ndiyo itakayopiga simu nje. Itafungua handaki la WireGuard (muunganisho uliosimbwa) kwenda VPS na kulishikilia wazi, na wote walio nje watakuja kupitia VPS. Ruta haifunguliwi poti hata moja. Tungechagua njia hii hata kama anwani ya umma ingekuwepo, kwa sababu ruta ya nyumbani isiyopokea chochote kutoka nje ni ulinzi ambao hauna sababu ya kuachwa.

Jambo la kisheria kwa walioko Tanzania: mwezi Oktoba 2023 TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN wasajili taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. WireGuard ni VPN hata ikiwa ya familia. Soma tangazo na ukamilishe usajili kabla ya kuendelea.

Hali: imekamilika.

Ingizo la 2: VPS iwe wapi

Kila faili litapita VPS, likiingia na likitoka, kwa hiyo kiwango cha data cha mwezi kinachoandikwa kwenye tangazo la muuzaji ukigawe kwa mbili. Baada ya hapo kinachohesabika ni umbali. Omba anwani ya majaribio kwa muuzaji na upige `ping -c 50` saa mbili usiku, wakati laini imejaa, kabla ya kulipa.

Ulaya ni nafuu zaidi. Lakini VPS ya Ulaya maana yake mtu wa Mwanza akiomba faili lililoko Dar, pakiti zinashuka baharini, zinafika Ulaya, zinarudi kwa kebo zilezile. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilizorota vibaya, na handaki lolote lililotegemea seva ya ng'ambo lilizorota nalo, hata kwa watu wawili wa mtaa mmoja. Tumechukua VPS iliyoko Dar, kwa muuzaji aliyeungwa kwenye TIX, kituo ambako watoa huduma wa nchini hubadilishana data bila kutoka nje. Ni ghali zaidi kwa mwezi na RAM ni kidogo, ila kwa kazi ya kupitisha pakiti GB 1 inatosha na inabaki.

Hali: imekamilika.

Ingizo la 3: handaki

Mtandao wa handaki ni 10.77.0.0/24. VPS ni .1, seva ya nyumbani ni .2, simu na kompyuta za watu zinaanzia .11. Mtandao wa nyumbani tumeuhamisha kutoka 192.168.1.x kwenda 192.168.73.x. Hoteli na ofisi nyingi zinatumia 192.168.1.x, na siku utakapotaka kufikia kifaa kingine cha nyumbani kwa handaki, kompyuta itaishia kukitafuta kwenye mtandao wa hoteli.

Funguo zinatengenezwa kwa `wg genkey` kwenye kila kifaa. Ufunguo wa siri hauondoki ulipozaliwa, isipokuwa wa simu, ambao hupelekwa kwa msimbo wa QR (Ingizo la 5). Unaosafiri ni wa umma. Upande wa nyumbani:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.2/24
PrivateKey = (wa seva)
MTU = 1380

[Peer]
PublicKey = (wa VPS)
Endpoint = 203.0.113.10:51820
AllowedIPs = 10.77.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Endpoint imewekwa namba badala ya jina kwa makusudi. WireGuard hutafuta jina mara moja tu inapowashwa; kama DNS (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani) haijaamka, `wg-quick` (amri ya kuwasha handaki) inashindwa na kuacha. Sekunde 25 nazo zina sababu: ruta nyingi husahau mazungumzo ya UDP baada ya sekunde 30 za ukimya, na zikisahau, VPS haina tena njia ya kuifikia nyumba.

Upande wa VPS kila kifaa kinapewa `[Peer]` yake yenye AllowedIPs (anwani zinazoruhusiwa kupitia kifaa hicho) ya namba moja, kama 10.77.0.2/32. Ukiwapa wawili kundi lilelile, wa mwisho kuandikwa anamnyang'anya wa kwanza, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. VPS inahitaji pia `net.ipv4.ip_forward=1` na sheria ya nftables (fayawoli ya Linux) inayoruhusu wg0 kwenda wg0, la sivyo simu zitaiona VPS lakini hazitaiona seva.

Kupima: `wg show`. Kwa kuwa keepalive ipo, salamu mpya (latest handshake) hupeanwa takriban kila dakika mbili. Ikizidi dakika tatu, handaki limekufa. Ukiona data inatumwa lakini iliyopokelewa ni sifuri, kagua mambo matatu kwa mpangilio huu: fayawoli ya kwenye ukurasa wa muuzaji wa VPS (mara nyingi ipo mbali na nftables yako na husahaulika), kisha funguo zilizobadilishana nafasi, kisha saa. Usipoteze muda kuchunguza poti 51820 kwa `nc`. WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, kwa hiyo ukimya wake haukwambii kitu.

Suala la saa linastahili maelezo marefu kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi kwenye nchi zenye umeme wa kukatika. Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika ghafla, inaamka na muda wa mwisho uliohifadhiwa, ambao unaweza kuwa nyuma kwa saa nzima. Kila salamu ya WireGuard hubeba muhuri wa wakati, na VPS hukataa salamu yenye wakati ulio nyuma ya ule iliokwisha kuuona, kwa kuwa hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya mtu anayerudia pakiti za zamani. Seva inaita na haijibiwi. Kwa mpangilio wetu NTP (huduma ya kurekebisha saa kwa mtandao) inapita nje ya handaki, hivyo baada ya muda saa inajirekebisha na handaki linarudi lenyewe. Aliyeweka AllowedIPs 0.0.0.0/0 amefunga mlango na ufunguo umo ndani, kwa sababu NTP nayo inasubiri handaki, na handaki linasubiri NTP.

Tumeweka moduli ya DS3231 kwenye pini za I2C, pamoja na mstari huu ndani ya config.txt:

`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

Pi 5 ina saa ndani yake, inahitaji betri tu.

MTU (ukubwa wa juu wa pakiti): dalili ya kuikosea ni kurasa ndogo kufunguka huku faili kubwa likiganda mwanzoni, au SSH kusimama mara baada ya kuunganishwa. Pakiti kubwa zinatupwa njiani kimyakimya. Pima kutoka kwenye seva kwa `ping -M do -s 1352 10.77.0.1`, 1352 ukiongeza 28 ya vichwa ni 1380. Ikipita, sawa. Simu zinazotumia data tumezipa 1280, maana mitandao ya simu ina vichwa vyake vya ziada na tofauti ya kasi haionekani.

Hali: imekamilika. Handaki limerudi lenyewe baada ya kuchomoa umeme wa seva, wa ruta, na wa vyote viwili.

Ingizo la 4: mlango wa mgeni

Viungo vya wageni vinapita HTTPS kwenye jina moja, hapa tuliite faili.example.com, likielekezwa kwenye VPS. Swali ni usimbaji ufunguliwe wapi. Kuweka Caddy kwenye VPS ni rahisi, lakini cheti na mafaili yaliyofunguliwa vitakuwa kwenye kumbukumbu ya mashine isiyo yetu. Tumeacha Caddy nyumbani. VPS inapitisha tu pakiti zilizofungwa.

Njia ya haraka ni DNAT (VPS kuielekeza pakiti ya mgeni kwa seva) kwenye nftables, nayo ina mtego. Bila masquerade (VPS kuibadilisha anwani ya mgeni kuwa yake), WireGuard ya seva inazitupa pakiti za mgeni kwa kuwa anwani yake haimo kwenye AllowedIPs, na muunganisho hauanzi. Ukiwasha masquerade unaanza, lakini kila mgeni anaonekana ni 10.77.0.1. Hapo mtu mmoja akikosea nenosiri mara kadhaa, Nextcloud inachelewesha wote hadi sekunde 25, na fail2ban (programu ya kufungia anwani zinazokosea mara nyingi) ikiwepo inafungia VPS yenyewe.

Kwa hiyo VPS ina HAProxy (programu ya kupitisha miunganisho) ya hali ya TCP, inayobandika anwani halisi ya mgeni mwanzoni mwa mazungumzo:

```
frontend https
  mode tcp
  bind :443
  default_backend nyumbani
backend nyumbani
  mode tcp
  server pi 10.77.0.2:443 send-proxy-v2
```

Poti 80 imepitishwa vivyo hivyo, kwa ajili ya kuwahamishia watu HTTPS. Caddy inahitaji kuambiwa iamini bandiko hilo kutoka VPS peke yake:

```
{
  servers {
    protocols h1 h2
    listener_wrappers {
      proxy_protocol {
        allow 10.77.0.1/32
      }
      tls
    }
  }
}
faili.example.com {
  @nje {
    not remote_ip 10.77.0.0/24 192.168.73.0/24
    path /login* /index.php/login* /remote.php/*
  }
  respond @nje 403
  reverse_proxy 127.0.0.1:8080
}
```

Hii inataka Caddy 2.7 au mpya zaidi. Iliyomo kwenye hazina ya Debian 12 ni ya zamani, hivyo sakinisha kutoka hazina ya Caddy wenyewe. `proxy_protocol` lazima itangulie `tls`. Ukizigeuza, Caddy inasoma bandiko kama data iliyoharibika na kukata. Vyeti vya Let's Encrypt vinajipya vyenyewe kwa njia hii, bila kitu cha ziada kwenye VPS.

Sehemu ya `@nje` ndiyo moyo wa mradi wote. Mgeni mwenye kiungo anafungua faili lake, lakini ukurasa wa kuingilia na njia inayotumiwa na programu za simu vinajibu 403 kwa yeyote ambaye hayumo nyumbani wala kwenye handaki. Roboti za kubahatisha manenosiri zinafika getini na kuishia hapo.

Kwenye Nextcloud: `trusted_proxies` iwe na anwani ya Caddy kama kontena linavyoiona, ambayo kwa kawaida ni ile ya daraja la Docker badala ya 127.0.0.1, na `overwriteprotocol` iwe `https`. Ukiisahau ya pili, programu ya simu inakwama kwenye hatua ya kuruhusu akaunti na kuzunguka hapo bila mwisho.

Tahadhari mbili za Docker. Poti ukiitangaza kama `8080:80` inaipita ufw (fayawoli ya seva) bila kubisha hodi, hivyo andika `127.0.0.1:8080:80`. Pia Docker huwasha `ip_forward` kwenye seva hata kama wewe uliizima. Tumeandika sheria ya wazi kwamba hakuna pakiti inayotoka wg0 kuingia mtandao wa nyumbani, na kutoka wg0 seva inapokea 22, 53, 80 na 443 tu. VPS tunaihesabu kuwa mashine ya mtu baki; ikitekwa, isiwe daraja la kufikia televisheni na kamera za nyumbani.

SMB (njia ya Windows ya kushirikiana folda) haimo kwenye orodha hiyo na haitaingia. Poti 445 ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, na hata ndani ya handaki SMB ni nzito kwa mtu wa mbali kwa sababu ya maswali na majibu mengi kwa kila faili. Anayetaka folda kwenye kompyuta yake anapewa SFTP (kuhamisha mafaili kupitia SSH) kwa ufunguo wa ed25519, bila nenosiri.

Hali: imekamilika. Imejaribiwa kwa data ya simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Majaribio ya kutoka ndani ya nyumba hayathibitishi chochote kuhusu nje.

Ingizo la 5: jina moja, njia tatu

Jina faili.example.com linaelekea VPS, kwa hiyo mtu aliyeko sebuleni akifungua picha, inapanda kwenye laini hadi VPS na kushuka tena, ikila Mbps 10 zile za kupanda ilhali diski iko mita tano kutoka alipo. Dawa ni dnsmasq (seva ndogo ya DNS) kwenye Pi. Ndani ya /etc/hosts jina limeandikwa mara mbili, kwa 192.168.73.10 (seva kwenye mtandao wa nyumbani) na kwa 10.77.0.2, na `localise-queries` imewashwa. Aliyeuliza kupitia waya wa nyumbani anapewa ya kwanza, aliyeuliza kupitia handaki anapewa ya pili. Ruta inagawa 192.168.73.10 kama DNS, na simu zina `DNS = 10.77.0.2` kwenye mpangilio wao wa WireGuard.

Mambo mawili ya kujua. Simu ya Android yenye DNS ya Faragha iliyowekewa jina la mtoa huduma maalumu haiulizi dnsmasq kabisa. Iwekwe otomatiki au izimwe. Na aliyeko Muscat, handaki likiwa wazi, kila swali lake la jina linakuja Dar kwanza, kwa hiyo kurasa nyingine zinaanza kufunguka kwa kuchelewa kidogo. Anawasha handaki anapohitaji mafaili tu.

Simu zinapewa mpangilio kwa msimbo wa QR:

`qrencode -t ansiutf8 < simu11.conf`

AllowedIPs yao ni 10.77.0.0/24 peke yake, ili bando la mtu lisipite VPS kwa mambo yasiyohusu seva.

Baadhi ya hoteli na ofisi huzuia UDP isipokuwa 443. VPS sasa inapokea WireGuard na huko pia:

`nft add rule ip nat prerouting udp dport 443 redirect to :51820`

Ndiyo sababu ya mstari wa `protocols h1 h2` kule juu. Caddy ikiachwa ilivyo hutangaza HTTP/3, kivinjari kinajaribu UDP 443, kinakutana na WireGuard isiyojibu wageni, na ukurasa unachelewa hadi kikate tamaa na kurudi TCP.

Hali: imekamilika kwa Android na iPhone. Kompyuta ya Mwanza bado.

Ingizo la 6: kasi ya kupanda

Hakuna mpangilio utakaozidi laini. Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde. Video ya GB 2 inachukua si chini ya dakika 27 hivi kumfikia aliye nje, hata awe na fiba ya Mbps 500 huko aliko. Waelezwe watumiaji mapema, wasije wakaanza kuwasha na kuzima handaki wakidhani limekwama.

Kinachorekebishika ni adha kwa wengine. Mtu mmoja akipakua faili kubwa kutoka nje, foleni ya ruta inajaa na simu za video za nyumbani zinakatika. Tumeweka kikomo chini kidogo ya uwezo wa laini, ili foleni ijengeke ndani ya Pi ambako inapangwa kwa haki:

`tc qdisc replace dev wg0 root cake bandwidth 8mbit`

Amri hii inapotea seva ikiwashwa upya, kwa hiyo imeingizwa kwenye `PostUp` ya wg0.

Hali: imekamilika.

Yaliyobaki

Diski ikichelewa kuamka, `nofail` kwenye fstab (orodha ya diski za kuunganishwa) inaruhusu Pi iendelee kuwaka, lakini kontena likianza kabla ya diski linaandika kwenye kadi ya SD, na kadi inajaa. Huduma ya kuwasha kontena iongezewe `RequiresMountsFor=/mnt/ghala`, na `restart` ya Docker yenyewe iwe `no`, kwa sababu vinginevyo Docker italiwasha bila kuisubiri systemd (inayowasha huduma za Linux).

Nakala ya akiba kwa restic kwenda nyumba ya Mwanza, saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri, `--limit-upload 700`. Nakala ya kwanza haitapita kwenye laini: itatengenezwa hapa kwenye diski ya pili na kusafirishwa kwa basi, kisha mabadiliko ya kila siku ndiyo yapande. Baada ya hapo itarudishwa folda moja nzima kwenye mashine tofauti na kulinganishwa faili kwa faili. Kabla ya jaribio hilo, hali ya kipengele hiki inaandikwa bado.